Nyumba ya Shangazi Kwenye Mteremko

Asubuhi tulipokwenda kupima kiwanja, mimi na fundi mkuu tulikuwa na mpira wa maji wa mita 10, kamba, vigingi na penseli iliyochongwa kwa kisu. Ilikuwa saa 12 na nusu, jua ndiyo kwanza linachungulia upande wa kisiwa cha Manda. Yeye alishika ncha moja ya mpira kule chini kichochoroni, mimi nikapanda na ncha ya pili, nikipita magugu na vifusi vya ukuta wa zamani. Tulipima kituo kwa kituo, mara nne. Kila mara tulingoja maji yatulie mpirani, nikachora alama kwenye kigingi, tukahama. Tulipofika kichochoro cha nyuma nilijumlisha kwenye daftari: mita 3 na sentimita 6 za mwinuko, ndani ya urefu wa mita 19. Fundi alikitazama kile kiwanja kutoka juu mpaka chini, akapangusa jasho.

"Mwanangu," akasema, "shangazi yako karithi ngazi."

Mbele, upande wa bahari, kiwanja kina upana wa mita 6 na sentimita 20. Nyuma kinabana mpaka mita 5 na sentimita 60. Kulia jirani, kushoto jirani. Kipo juu mjini, kule ambako Lamu huacha tambarare ya pwani na kuanza kukipanda kilima cha mchanga nyuma ya mji. Mtu anayeijua Lamu kwa picha za gatini huenda asijue kwamba mji huu umelala kwenye mteremko, ila punda wanajua, na magoti ya shangazi yanajua.

Shangazi ana miaka 71. Aliniomba mambo manne na hakutaka kuyaandika, alisema nitayakumbuka. Upepo uingie. Mkondo wa bahari auone akiwa ameketi. Asionekane na mtu. Na asipande ngazi.

Hilo la nne nililitafuna kwa wiki kadhaa.

Kila niliyemwonyesha vipimo aliniambia nisawazishe kwanza. Chimba kilima, jenga ukuta nyuma wa kuzuia udongo, upate uwanja tambarare, kisha uchore nyumba kama nyumba nyingine. Ndivyo tunavyofanya sasa pwani nzima, na ndivyo nilivyofanya mimi mwenyewe miaka 9 iliyopita, kwenye nyumba ya kwanza niliyoichora baada ya chuo. Ule ukuta ulikuwa wa mawe na simiti, urefu wake kwenda juu mita 2. Kwenye michoro yangu niliweka matundu ya kutolea maji, moja kila baada ya mita moja na nusu. Mkandarasi aliyaziba. Alisema matundu yanaufanya ukuta uonekane haujakwisha. Nilikuja nikaona yamezibwa, lipu imepigwa safi, na nikanyamaza kwa sababu alikuwa mtu mzima na mimi nilikuwa binti wa juzi.

Mwezi wa Mei mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Usiku wa tatu ukuta ulivimba katikati kama shavu la mwenye jino, na alfajiri ukalala. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu. Ulikwenda na mlimau wa mwenye nyumba na nusu ya jiko la jirani wa juu. Baadaye nilikaa nikapiga hesabu ambayo ilinipasa kumsomea yule mkandarasi siku ile: maji yakijaa nyuma ya ukuta wa mita 2, yanausukuma kwa nguvu ya takriban tani 2 kwa kila mita moja ya upana wake, hapo udongo wenyewe hujauhesabu. Tundu la upana wa vidole vitatu lingeushusha mzigo wote huo.

Basi safari hii sikutaka kusawazisha. Nilitaka nyumba ipande na ardhi, lakini sikujua itapandaje bila kumtesa mama wa watu. Jibu nililipata Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, katika nyumba ambayo nimeingia tangu utotoni bila kuitazama.

Nyumba ya mawe ya Lamu haianzi sebuleni. Inaanza dakani, pale penye viti vya mawe huku na huku ya mlango, wanapoketi wanaume jioni. Ukiingia unafika tekani, njia ya kuingilia, na teka hupinda makusudi ili wa nje asione ndani. Kisha kiwanda, ua ulio wazi juu. Baada ya kiwanda kuna kumbi mbili nyembamba, msana wa tini, yaani wa chini, kisha msana wa yuu, wa juu, kisha ndani, chumba cha mwisho chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Siku hiyo nilivua viatu nikatembea polepole, nikahisi kwa unyayo kitu ambacho macho hayakuwahi kukisema: kutoka kiwandani kwenda ndani, sakafu inapanda. Kidato hapa, kidato pale. Kila unapopanda unaingia mahali pa faragha zaidi. Wazee walijenga hivyo hata kwenye ardhi tambarare kabisa. Mimi nilikuwa na mita 3 za kupanda na nilikuwa nazililia.

Kuna la pili nililokuja nalo kutoka Mkomani. Vyumba vile ni vyembamba na virefu kwa sababu ya boriti. Mti wa mkoko hauvuki mbali ukiwa umebeba dari ya mawe na chokaa. Upana wa chumba huwa chini ya mita 3, na fundi wa zamani hakuhitaji mtu wa kumpigia mahesabu, mti wenyewe ulimwambia. Kwa hiyo wembamba hapa kwetu si msiba mpya ulioletwa na bei za viwanja. Mji mzima, huu ambao UNESCO waliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa vyumba vyembamba, na watu wameishi humo kwa heshima zao, wakaoa, wakazaa, wakazika.

Nikarudi kwenye karatasi. Nikachukua kidato cha sentimita 17, ambacho mguu wa kawaida unakipanda bila kunung'unika kikipewa upana wa sentimita 28. Mwinuko wa mita 3 na sentimita 6 ni vidato 18 kamili. Kimoja nikakiweka dakani, ili maji ya kichochoro yasiingie mlangoni. Vikabaki 17. Vidato 8 kutoka tekani kwenda kiwandani, na vidato 9 kutoka kiwandani kwenda nyumba ya nyuma.

Nilipochora mkato wa nyumba kwa urefu wake, ndipo nilipoona. Nyumba ya mbele ikiwa na ghorofa moja juu, sakafu ya ghorofa hiyo inalingana na kichochoro cha nyuma. Sawasawa, sentimita kwa sentimita. Maana yake nyumba hii ina chini mbili. Wageni na vijana wataingia kwa chini ya mbele, kupitia dakani. Shangazi ataingia kwa nyuma, kwa mlango wa kichochoro cha juu, na tangu hapo hakuna kidato hata kimoja: anapita ukumbi wa nyuma, anafika chumbani kwake, na akitaka kuiona bahari anavuka juu ya kiwanda kwa wikio kwenda chumba cha mbele cha ghorofani.

Wikio mnalijua, zile nyumba zinazoruka juu ya njia mjini, ili mama wa nyumba hii amtembelee dada yake wa nyumba ya pili bila kushuka barabarani. Langu halivuki njia. Linavuka ua wa mita 4, lina upana wa mita 1 na sentimita 20, yaani linamtosha yeye na wa kumshika mkono. Nilipomwonyesha aliweka kidole kwenye karatasi pale mlango wa nyuma, akakisogeza taratibu mpaka dirisha la mbele, akakirudisha. Akauliza: "Na mvua?" Wikio likapata paa.

Dari za chini mbele zitakuwa fupi kuliko ningependa. Vidato 17 vya sentimita 17 ni mita 2 na sentimita 89. Ukiondoa dari yenyewe na sakafu, kinachobaki ni mita 2 na sentimita 70 hivi. Nyumba za wazee zimepanda zaidi ya hapo na ndiyo maana zina ubaridi. Nimelikubali, kwa kuwa vyumba vile vya chini ni vya wageni na vimezama kidogo ardhini, na ardhi haipati joto haraka.

Upepo ulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Mji wetu unaelekea mashariki, na kiwanja kinashuka upande huohuo. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki. Zote mbili zina mashariki ndani yake. Uso mmoja ulio wazi unazipokea zote mbili, mwaka mzima. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha upepo ukishaingia una pa kutokea, na mteremko unasaidia, kwa sababu hewa ya moto hupanda na nyumba nayo inapanda. Juu kabisa, nyuma, nimeacha matundu chini ya paa. Kiwanda kiko katikati kama pafu. Na kwa kuwa Lamu ipo karibu sana na mstari wa ikweta, nyuzi 2 tu kusini yake, mwezi wa Machi na wa Septemba jua la mchana linasimama utosini na kushuka moja kwa moja mpaka sakafu ya kiwanda, hata kiwe chembamba vipi. Asumini ya shangazi itakaa hapo.

Magharibi ndiko kwenye adhabu. Jua la alasiri linapiga ukuta wa nyuma kuanzia saa 8. Ukuta huo nimeufanya mnene, sentimita 50 za mawe ya matumbawe na chokaa, na humo ndimo nimepata nafasi ya zidaka za kuweka vyombo na misahafu, maana kwenye nyumba ya upana huu kabati la kusimama linakula njia. Lakini ukuta mnene haulifuti joto, unaliahirisha tu. Joto la mchana linakuja kukutolea jasho usiku. Kwa hiyo hakuna anayelala nyuma ya ukuta ule: kuna ukumbi, ghala na choo. Kitanda cha shangazi kipo upande wa kiwanda. Makka, kwetu Lamu, ipo karibu kaskazini moja kwa moja, basi choo kimekaa mashariki na magharibi, asielekee kibla wala asikipe mgongo. Hilo kiwanja kilinipa bure. Ni kirefu mashariki-magharibi, na choo chembamba kinakaa vile chenyewe.

Kuta za kulia na kushoto zimenisumbua moyo. Ningezijenga kwa mawe na chokaa, sentimita 50 kila upande, ningepoteza mita nzima ya upana. Mita 1 kati ya 6! Nimetumia mawe ya kuchonga ya sentimita 20 na nguzo za zege, nikaokoa sentimita 60, yaani upana wa mlango mwembamba, katika kila chumba cha nyumba nzima. Wapo watakaosema nimeusaliti mji. Nawaelewa. Ila naona usaliti mkubwa zaidi ni zile nyumba za ghorofa nne zinazoinuka moja moja juu ya paa za wenzao, zikaziba upepo wa nyumba kumi ili mtu mmoja anywe chai akitazama uani kwa watu. Nyumba ya shangazi haipiti vichwa vya majirani zake, na madirisha yake yote yanatazama mbele au kiwandani. Boriti nimeziweka mbele tu, chumba cha wageni na chumba cha bahari, kwa kupitisha mhimili katikati ili kila boriti ivuke chini ya mita 3.

Na zege la pwani lina masharti yake. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi ikiifikia nondo, chuma hushika kutu, kutu huvimba, zege hupasuka kutoka ndani. Tembea popote karibu na bahari utaziona nguzo zenye nondo nje kama mbavu za punda mwenye njaa. Tulileta mchanga wa bara kwa jahazi, maji ya kuchanganyia tukatumia matamu tu, na nondo tukaifunika kwa zege la sentimita 5. Ilipandisha gharama. Sitajadili gharama hapa zaidi ya kusema kwamba kwenye kisiwa kila jiwe linapandishwa chomboni, linashushwa, linabebwa na punda, na mwenye punda analipwa kwa safari, na safari zetu zilikuwa za kupanda.

Hapo ndipo kutokusawazisha kulipotuokoa. Mchanga uliochimbwa kuizamisha nyumba ya mbele, pamoja na ule wa misingi, ndio uliojaza chini ya nyumba ya nyuma. Haukutoka nje ya kiwanja hata gunia moja. Na pale nyuma, sakafu inapoinuka juu ya ardhi kwa zaidi ya mita moja, hatukujaza pote. Tukaacha tumbo, tukalifanya birika la lita 4,800. Mapaa yetu yote pamoja ni kama mita 85 za mraba. Mvua ya milimita 20 inatupa lita 1,700. Wazee waliweka samaki wadogo birikani ili wayale mabuu ya mbu, na chini ya birika bakuli la kauri lililozamishwa lipuni, ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Shangazi ametoa bakuli la mama yake. Lina ufa, lakini linashika maji.

Upande wa kaskazini jirani aliingiwa na hofu, na alikuwa na haki. Tulipochimba tuligundua msingi wake umeshuka sentimita 60 tu, umekaa juu ya mchanga na vifusi. Mchanga mkavu haukai wima. Ukiuachia unateleza mpaka upate mlalo wake, na cha juu kinaufuata. Fundi alikataa kuchimba mtaro mzima. Tulichimba mita moja, tukaruka mita mbili, tukachimba nyingine. Tukamimina zege, tukangoja ishike, ndipo tukarudi kwenye zile tulizoruka. Wiki tatu kwa kazi ambayo mwingine angeimaliza kwa siku nne. Kwenye ukuta wa jirani kulikuwa na ufa wa siku nyingi, mwembamba kama unywele. Fundi alikata kipande cha kioo cha urefu wa kidole, akakibandika kwa lipu juu ya ufa, ncha moja huku, ncha moja huku. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinakatika. Mke wa jirani alitoka kila asubuhi na buibui lake begani, akakigusa kile kioo kwa ukucha, kisha akaturudishia salamu. Kilikaa kizima mpaka tulipofukia.

Ukuta wa kuzuia udongo hatukuukwepa kabisa. Upo mmoja, kati ya nyumba ya mbele na kiwanda, mita 1 na sentimita 36 kwenda juu. Kwenye mchoro wangu wa kwanza ndio uliokuwa ukuta wa nyuma wa chumba cha wageni. Fundi aliuangalia muda mrefu. "Haya matundu yako," akasema, "mai yake yatatokea wapi? Kitandani kwa mgeni?"

Sikuwa na jibu.

"Mai hayazuiliwi, mwanangu. Huonyeshwa ndia."

Alichora kwa kijiti mchangani. Kuta mbili, na kati yake uchochoro wa sentimita 60, mtu mwembamba apite ubavu. Ukuta wa kuzuia udongo utoe maji yake mle, ukuta wa chumba ubaki mkavu na upate hewa mgongoni. Chini mfereji wenye mteremko, upite chini ya teka, utokee kichochoroni. Nilipoteza sentimita 60 za urefu na sijazijutia hata siku moja. Nyuma ya ukuta wa kuzuia udongo tulijaza kokoto badala ya mchanga, ili maji yashuke haraka na yasikae.

Michoro ilipita kaunti na Makumbusho ya Taifa, ikarudishwa mara moja tu kwa sababu ya daka, ikapita.

Sasa ni mwezi wa Mei tena. Nyumba ya mbele ina kuta mpaka madirishani, nyuma kuna sakafu na birika, wikio ni mbao mbili za kupitia mafundi. Juzi usiku mvua ilianza baada ya Isha na sikulala. Baada ya Alfajiri nilikwenda nikamkuta fundi keshafika, kajifunika gunia kichwani. Tuliingia uchochoroni kwa ubavu, yeye mbele na tochi. Matundu ni 9. Manne yalikuwa yakitoa maji, membamba, masafi. Matatu yanadondosha. Mawili makavu. Fundi akaomba ufito, akauingiza kwenye tundu la nane, akausokota taratibu. Likakohoa mchanga, yakafuata maji ya udongo, kisha yakasafika. Tundu la tisa hivyohivyo.

Tulipotoka, shangazi alikuwa amesimama kichochoro cha juu na mwavuli, mbele ya mahali mlango wake utakapokuwa. Hakuingia. Alikuwa anapapasa nguzo ya zege upande wa kulia, akiupandisha mkono, akiushusha, mpaka ukatulia.

"Kitasa kiwekeni hapa," akasema.

Fundi akatoa penseli sikioni, akapiga alama.